Winchi Anaomba Mzigo

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, siku ya tano ya safari, mbeba mizigo mmoja alianguka hatua kumi na moja kutoka hema la jikoni, kwenye kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Kilimanjaro. Mzigo aliokuwa nao kichwani ulikuwa wa kilo ishirini. Hakuna aliyemtwisha kwa lazima. Aliuomba mwenyewe.

Wapendwa, mtu huyu nimemtunga, kwa hiyo msiende kumuulizia langoni. Lakini nyinyi ni watu wa chini ya mlima. Nusu ya wanaume waliokaa upande ule wa madirisha wamewahi kubeba, na kina mama kadhaa pia. Nikikosea jambo la kazi yenu, mtanirekebisha baada ya ibada.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na alikuwa amebeba kwa miaka ishirini na mitatu. Wenzake walimwita Winchi, kwa sababu kitu kikishindikana kunyanyuliwa aliitwa yeye. Hakuwahi kudondosha mzigo. Hakuwahi kuchelewa kambini. Hakuwahi kuonja sukari ya wageni. Mnajua utaratibu wa langoni: mzigo unawekwa kwenye mizani, karani anaandika. Siku ya kushuka anaandika mambo matatu, yaani jina, kilo na hali. Mbele ya jina la Winchi, safari zote hizo, iliandikwa ishirini. Ilikuwa kawaida yake kuinama juu ya meza ya karani na kuhakikisha.

"Ishirini?"

"Ishirini, Winchi. Ungetaka niandike ngapi?"

"Basi andika vizuri. Hiyo sifuri yako inafanana na sita."

Hapo ndipo alipojijua kuwa ni nani.

Safari hii alianza kukohoa siku ya tatu. Hakusema. Mbebaji akisema anaumwa anateremshwa, na Winchi hakuwahi kuteremshwa. Usiku alilala ameketi, maana akijinyoosha pumzi ilikata. Asubuhi ya siku ya tano mpishi aliona midomo yake imegeuka rangi, akamwita kiongozi wa msafara.

Kiongozi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane. Alimwekea sikio mgongoni, akasikia kifua kinatoa sauti kama birika linalokaribia kuchemka. Akachukua kijiti, akachora mstari kwenye vumbi, hatua kama kumi.

"Tembea juu ya mstari. Kisigino kiguse kidole."

"Dada, mimi nimeanza kupanda mlima huu wewe uko kidato cha pili."

"Shule nimeshamaliza, mzee. Tembea."

Hatua ya kwanza aliweza. Ya pili aliweza. Ya tatu aliyumba, akatoka nje ya mstari. Akarudi mwanzo bila kuambiwa, akayumba tena palepale.

Wenzake walikuwa wamesimama, vikombe vya uji mkononi, na hakuna aliyekunywa. Kila mmoja alijua maana ya kuyumba kwenye mstari. Maana yake ni kwamba mlima umeshaingia kichwani na kifuani, mapafu yanajaa maji, na dawa ni moja tu, kushuka, tena mapema.

Winchi naye alijua. Lakini sikilizeni alichosema.

"Tatizo ni kwamba sina mzigo. Mtu wa kubeba asipokuwa na mzigo lazima ayumbe. Leteni ngata. Nitwisheni, mtaona nitakavyonyooka."

"Winchi," alisema mpishi, "hata winchi huenda gereji."

"Kaa kimya wewe, pika chai."

Kiongozi alisema hapana. Winchi akasokota kitambaa mwenyewe kuwa ngata, akaiweka kichwani, akainama kwenye kifurushi cha mahema, akakinyanyua. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kumzuia mtu huyu kunyanyua kitu, na mikono ya wenzake ilichelewa kujifunza. Akapiga hatua kumi na moja. Walizihesabu. Kisha magoti yakakatika.

Niwaulize, ndugu zangu. Mnaliona kosa lake? Amepimwa, ameonekana anayumba, na dawa aliyoiona yeye ni kuongezewa mzigo.

Msimcheke haraka. Umemtukana mkeo Jumamosi. Jumapili unajiandikisha kufunga siku tatu. Umesema uongo ofisini. Jioni unaomba kuingia kwaya ya pili, wakati ya kwanza hujahudhuria mazoezi tangu Pasaka. Moyo unakwambia umetoka nje ya mstari, na wewe husemi, "Nihurumie." Unajibu, "Nitwisheni." Nani humu ndani hajawahi kuomba ngata?

Na sikusema kufunga ni kubaya, wala kwaya. Mahema nayo yanahitaji kubebwa. Nasema kilo ishirini hazikaushi maji kwenye mapafu.

Tuendelee.

Walileta machela. Wasioifahamu, ni kitanda cha chuma chembamba chenye gurudumu moja katikati, na vishikio mbele na nyuma. Watu sita wanaishika kwa kupokezana. Anayelala juu yake anafungwa mikanda kifuani, kiunoni na miguuni, kwa sababu njia ina mawe na ngazi.

Winchi aliiona akiwa bado chini, mgongo umeegemea kifurushi chake.

"Hiyo ni ya wageni na wagonjwa," alisema.

"Na wewe ni nani kati ya hao?" aliuliza kiongozi.

"Mimi ni Winchi."

"Winchi haina mapafu. Wewe unayo, na yanajaa. Nikikuacha hapa mpaka saa sita, sijui nitamwambia nini mkeo. Kushuka lazima. Kutembea huwezi. Kilichobaki ni kubebwa, na hilo unakataa. Sasa niambie wewe, mzee wangu, tunafanya nini?"

Winchi alikuwa akimtazama mtu aliyekuwa ameshika kishikio cha mbele.

Mtu huyo walimwita Sukari. Jina hilo hakulipata kwa utamu. Miaka miwili kabla, kwenye mlima huohuo, alikuwa akichota sukari ya wageni na kuifunga kwenye mifuko midogo ya plastiki, auze nyumbani. Kila mtu alijua. Siku moja naye akayumba kwenye mstari, akateremshwa kwa machela hii hii. Mmoja wa waliomteremsha alikuwa Winchi. Njia nzima Winchi alilalamika kwamba mwizi anashushwa kama mfalme huku watu waaminifu wanatoka jasho.

"Huyu?" alisema Winchi. "Huyu ndiye anibebe mimi?"

Sukari aliweka kishikio chini, akachuchumaa mbele yake.

"Kaka, mimi siku ile nilipolala humu nilikuwa na sukari ya wageni mfukoni. Mifuko minne. Kiongozi hakunipekua. Alifunga mikanda tu, akasema twende."

"Ulikuwa nayo?"

"Mfukoni. Ilinichoma paja mpaka chini. Mimi nilijua kabisa sistahili, nikalala. Wewe unadhani unastahili kitu kizuri zaidi ya hiki, ndiyo maana unataka kufia hapa. Lala, kaka. Unatuchelewesha."

Saa mbili na dakika tano Winchi alilala kwenye machela.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba alilala kwa imani kubwa. Sivyo. Alilala akinung'unika. Walipoanza kuteremka, machela ikaegemea kushoto, na yeye, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu, akachomoa mguu kwenye mkanda na kuukanyaga chini ili awasaidie. Gurudumu likapinda. Mtu wa nyuma akapiga goti kwenye jiwe. Watu saba nusura waende korongoni pamoja.

"Mguu!" Sukari alipiga kelele. "Rudisha mguu! Ukitusaidia tena tutakufa wote!"

Kiongozi alisimamisha msafara, akakaza mkanda, akainama usoni pake.

"Mzee, leo kazi yako ni moja. Usifanye kazi."

Nasikia mnacheka, na ni vizuri. Lakini mguu huo ni wetu. Wangapi tumelala kwa Kristo nusu, mguu mmoja tumeuacha nje? Tunasema tumeokolewa kwa neema, halafu mahali pabaya pa njia tunakanyaga chini: "Bwana, ngoja nikusaidie kidogo. Mimi si kama wale wengine. Mimi hata sukari sikuwahi kuonja." Tunasimamisha kwenye mawe kitu kilichokuwa kinakwenda vizuri.

Kuanzia hapo Winchi alitulia. Na sasa nawaomba mtazame njia.

Mnajua sheria ya mlimani: machela ikipita, kila aliyebeba anasimama pembeni. Anayeongoza huita, "Njia! Njia!" Siku ile misafara mitatu ilikuwa ikiteremka mbele yao. Wanaume na wanawake wenye kilo ishirini kichwani, watu wenye nguvu kuliko mimi na wewe, walisikia sauti, wakapanda kwenye majani na mawe, wakasubiri. Mbele yao akapita mtu mmoja asiye na hata chupa ya maji. Alikuwa akikohoa, amefungwa mikanda. Njia nzima ilikuwa yake.

Wengine walimtambua.

"Jamani, si Winchi huyo?"

"Haiwezekani. Winchi kubebwa?"

"Ndiye. Winchi, leo umekuwa mgeni! Tukuletee bisi za wageni?"

Alifumba macho. Alikuwa anaona aibu, na alikuwa anashuka. Vyote viwili kwa pamoja. Saa nne walikuwa kwenye vichaka. Saa sita walifika msituni, na hapo midomo yake ilianza kurudi rangi yake. Saa saba na nusu alivuta pumzi ndefu ya kwanza baada ya siku mbili, akaomba chai, akapewa.

Mtu ambaye asubuhi alikuwa anazama ndani ya kifua chake mwenyewe, sasa anakunywa chai na kuisifu. Hakupiga hata hatua moja kuifikia hali hiyo. Nipeni amina yenu hapa, maana mbele kuna kona mbaya.

Saa tisa na dakika hamsini, lango likiwa karibu, Winchi alizungumza.

"Dada kiongozi. Sasa nimepona. Nifungueni nitembee hii mita mia mbili."

"Kwa nini?"

"Pale langoni watu wananijua."

Kumbe ndiyo hiyo. Mlima haukuwa shida tena, shida ilikuwa karani. Aliogopa daftari. Alitaka afike kwa miguu, achukue hata kifurushi kidogo kutoka kwa mwenzake, akiweke kwenye mizani, na kitu fulani kiandikwe mbele ya jina lake.

Kiongozi hakupandisha sauti.

"Umebebwa kutoka mita elfu nne na mia sita. Mita mia mbili za mwisho unataka uwadanganye kwamba umetembea?"

Sukari, huko mbele, hakugeuka. Lakini aliongea, na wote walisikia.

"Mimi nilipofika hapo nilifunika uso kwa kofia. Mpaka leo najuta. Ningeitazama ile siku kwa macho yangu. Kaka, vua kofia."

Winchi alivua kofia.

Langoni kulikuwa na wabebaji kama arobaini kwenye foleni ya mizani. Machela ikaingia katikati yao. Karani, ambaye alikuwa akiandika bila kuinua kichwa tangu mchana, aliona kivuli mezani, akauliza kama anavyouliza kila siku:

"Jina na kilo?"

Ngoja nimwache karani hapo na kalamu yake. Nitarudi kwake.

Ndugu zangu, swali hilo litaulizwa kwetu. Si karani wa mlima atakayetuuliza. Na najua tulivyojiandaa kulijibu, kwa sababu nimekaa na watu wengi siku zao za mwisho, nimeshika mikono yao. Mtu anaanza kupanga kilo zake. "Mchungaji, nilikuwa mzee wa kanisa miaka tisa. Mchungaji, sikuwahi kumdhulumu jirani." Halafu macho yanaenda dirishani, kwa sababu anajua ni mara ngapi aliyumba kwenye mstari. Anaogopa kwamba mizani haitafika. Nami humjibu: ndugu, kweli haitafika. Lakini wewe hujaja hapa kwa miguu.

Ukristo si jina la watu wanaobeba vizuri. Watu wanaobeba vizuri wako kila dini na kila mtaa, na wengine hawana dini, na wanatushinda. Mkristo ni mtu aliyebebwa. Ukiulizwa wewe ni nani, usianze na ulichofanya. Anza na aliyekubeba.

Na imani ni nini? Tumeifanya imani nayo kuwa mzigo wa kilo ishirini, tunashindana nani anayo nzito. Winchi alifanya nini? Alilala, basi. Tena vibaya, kwa manung'uniko, mguu nje. Machela haikumuuliza amelala kwa ujasiri kiasi gani. Anayetetemeka juu yake na anayesinzia juu yake wanafika lango lile lile, kwa sababu kinachowafikisha si kutetemeka wala kusinzia kwao. Ni mikono iliyoshika chuma.

Mtaniuliza, "Basi, Mchungaji, tuishi ovyo?" Nawajibu kwa kuwaonyesha Sukari. Kwa nini yuko mbele, mahali pazito kuliko pote? Anajipatia kilo za kufuta wizi wake? Hapana. Yeye ameshateremshwa. Ameshafika hai. Mpishi ndiye aliyempa ufunguo wa sanduku la chakula mwaka jana, na sukari haijapungua. Hakubeba ili abebwe. Alibebwa, na tangu hapo ukimpa kishikio anashika. Mwenye kuishi ovyo ni yule anayedhani alitembea.

Mfano wangu una upungufu mmoja, na siwezi kuuziba. Waliombeba Winchi walikuwa sita, wakipokezana, na jioni wote walikula nyumbani kwao. Aliyetubeba sisi alikuwa mmoja. Hakuna aliyempokea. Alifia njiani akiwa na mzigo, na mzigo ulikuwa sisi. Kaburi likamfunika naye ametushika. Siku ya tatu, alfajiri, jiwe likaondoka, akatoka, na alipotoka hakuwa ametutua. Hajatutua mpaka leo asubuhi. Kifo chenyewe kimesimama pembeni na mizigo yake kichwani, kinaangalia tukipita.

Simameni, wapendwa. Wote, hata nyinyi wa upande wa madirisha. Kuna mtu humu ndani amepanga kwenda nyumbani na ngata yake, akajaribu tena wiki hii. Kaka, dada, itue hapo chini ya benchi. Iache kanisani, mzee wa zamu ataifagia. Vua kofia. Tazama njia ilivyo wazi.

Sasa turudi langoni, maana nilimwacha karani na kalamu juu.

"Jina na kilo?"

Kiongozi alifungua mdomo ajibu. Aliyejibu ni mtu wa kwenye machela.

"Leo sikubeba. Mimi ndiye mzigo. Andika sifuri, na uiandike vizuri, isifanane na sita."

Karani aliinua kichwa. Alimtazama, akawatazama wale sita, akatazama goti la mtu wa nyuma lililokuwa na damu.

"Winchi?"

"Hilo la kazini. Andika la ubatizo."

Wabebaji arobaini walikuwa wametoka kwenye foleni. Mmoja alianza kupiga makofi, mwingine akadakia, na wimbo wanaowaimbia wageni waliofika kileleni ukaanza kuimbwa kwa mtu ambaye hakufika kileleni. Karani alisubiri wapunguze kelele. Hawakupunguza. Akaandika hivyo hivyo.

Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Jina: Elirehema Ulomi. Kilo: sifuri. Hali: hai.